Amri za kale zilishahojiwa, tena hapa hapa Bagamoyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea katika ukurasa huu wa barua kuhusu dini na maadili, hasa baada ya msomaji mwenzetu kuandika kwamba amri za maadili zilizomo katika vitabu vitakatifu ni za kutiiwa tu, na kwamba yeyote anayeuliza sababu yake, mazingira yake au madhumuni yake ameshaanza kutoka katika dini. Nia yake siitilii shaka. Anaona vijana wanavyoishi na anaogopa, na hofu hiyo wengi wetu tunayo. Ila anazungumza kana kwamba kuhoji ni jambo linalotaka kuanza leo, wakati sisi watu wa dini, Waislamu kwa Wakristo, tulishahoji zamani, tukachambua, tukashika hili na kuliweka kando lile, na bado tunaendelea kufanya hivyo bila kukiri. Mimi ni mkazi wa Bagamoyo, na mtu wa Bagamoyo hawezi kulikwepa jambo hili hata akitaka.

Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji ikapita Tabora, na mizigo iliyoshuka nayo ilikuwa pembe za ndovu pamoja na watu. Waliowaleta watu hao hawakuwa wajinga wa halali na haramu. Wengi wao waliswali swala tano, walifunga, walitoa zaka, na wangeulizwa wangekuonyesha mlango wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, unaoeleza namna mtumwa anavyouzwa, anavyorithiwa na anavyoachwa huru. Wenye mashamba wa Marekani waliokwenda kanisani kila Jumapili nao walikuwa na aya zao: sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka inayopanga haki za bwana juu ya mtumwa wake, sura ya 25 ya Mambo ya Walawi inayoruhusu kununua watumwa kutoka mataifa jirani na kuwarithisha watoto, na Waraka kwa Waefeso unaowataka watumwa wawatii mabwana zao. Qurani kwa upande wake iliukuta utumwa ukiwapo, ikaubana: ikafanya kumwacha huru mtumwa kuwa mojawapo ya kafara za kuvunja kiapo, ikatenga fungu la zaka kwa ukombozi, na katika Suratul Balad ikakutaja kukomboa mtumwa kuwa ndiko kupanda ile njia nzito ya mlimani. Lakini haikuuharamisha kwa tamko la wazi kama ilivyoiharamisha riba. Hapo ndipo ninapotaka mwandishi yule asimame na kutueleza, kwa sababu kama kila kilichoruhusiwa na maandiko kinabaki vilevile mpaka mwisho wa dunia, basi wazee wetu walioacha kununua watu walipoteza haki yao, na walioachwa huru bila kulipiwa walidhulumu mali ya wenyewe. Sijamsikia khatibu yeyote, wa msikitini wala wa kanisani, akisema hivyo.

Vitabu vingi vya fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu yetu ya pwani, vinamalizikia na milango ya kuacha huru watumwa. Anayesoma mpaka mwisho lazima aifikie. Nakumbuka darasa letu la baada ya alasiri lilipofika hapo: mwalimu alisoma Kiarabu chake vizuri kama kawaida, akafasiri mistari michache ya mwanzo, kisha akakifunika kitabu juu ya paja na kusema mlango huu una elimu ila hauna wenyewe. Mwenzetu mmoja mkorofi akauliza, je, mtu akimkuta leo mtu anauza mtumwa na bei ikawa nafuu? Mwalimu hakukasirika. Alimjibu, "Ukimkuta, mpeleke polisi." Darasa lilicheka, na mimi nilicheka pamoja nalo, lakini katika jibu lile fupi mlikuwa na ijtihadi nzima, yaani jitihada ya mwanachuoni kufikia hukumu kwa kutafakari. Mwalimu alikuwa ameamua, bila kutangaza, kwamba kitu kilichopangiwa taratibu zake katika kitabu alichokishika mkononi sasa ni jinai. Tena hakuona kwamba ameipunguza dini yake. Alituamuru tufunge kwa dua, tukatawanyika.

Najua jibu litakalokuja: kwamba utumwa haukukomeshwa na masheikh wala mapadri bali na wakoloni, na anayesifu mageuzi hayo anamsifu mkoloni. Jibu hilo lina uzito na sipendi kulipita juu juu. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar tarehe 5 Juni 1873 huku Waingereza wakimtishia kwa manowari. Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha mark milioni 2 kwa maelezo kwamba ni za kuzuia biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, na fedha hizo ndizo alizotumia kamanda wao Wissmann kukodi askari na kuvunja upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Baada ya hapo, hao waliosema wamekuja kwa ajili ya watumwa walitawala mpaka wakaondoka bila kuufuta utumwa wenyewe. Walichofika mbali zaidi ni kuagiza kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922 chini ya Waingereza. Hata mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika hapa mwaka 1868, wakawanunua watu na kuwaweka katika kijiji chao cha uhuru, waliwapangia watu hao kazi za shamba, ibada na hata ndoa. Kwa hiyo mtu wa pwani akimsikia mgeni anamhubiria maadili, ana haki ya kushika mfuko wake kwanza.

Lakini tahadhari hiyo inatufundisha kuangalia nani anahoji na kwa faida ya nani. Haitufundishi kwamba kuhoji kwenyewe ni mali ya wageni, maana hapa hapa Bagamoyo, kabla ya sheria ile ya 1922, watu walikuwa wameshaanza kuipindua amri ya kale kwa mikono yao wenyewe. Yahya bin Abdallah, ambaye wote tunamjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani mtoto kutoka Manyema, Kongo ya leo, akiwa mtumwa katika nyumba ya liwali wa ukoo wa Lamki. Akasoma, akafanya biashara, akafungua madrasa, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kisufi ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa mmoja wa masheikh wakubwa kabisa wa bara hili la Tanganyika, ambaye wanafunzi walisafiri kutoka mbali kuja kupokea ijaza, yaani idhini ya kufundisha, mkononi mwake. Hebu tulitazame jambo hilo kama lilivyokuwa machoni pa watu wa wakati ule. Kwa mpango wa kale, muungwana ni muungwana na mtumwa ni mtumwa, na hata akiachwa huru hubaki na jina la nyumba iliyommiliki. Ghafla muungwana anakaa kwenye mkeka na kusomeshwa dini na mtu ambaye jana angemtuma maji. Wapo walionuna, bila shaka, lakini mji kwa jumla ulikubali, na ulikubali kwa hoja ya dini yenyewe, kwamba aliye mbora ni mchamungu. Hakuna Mjerumani aliyewaamuru waende kwenye dhikri yake.

Ningependa kusema kazi hiyo ilimalizika, ila haikumalizika. Ndani ya fiqhi yetu ipo sharti ya kufu katika ndoa, yaani mume afanane na mke kwa mambo fulani, na katika orodha ya mafakihi wa Kishafi mna nasaba, mna uhuru na mna kazi anayoifanya mtu. Lengo lililotajwa ni kumlinda mwanamke asiozwe mahali pa kumdhalilisha. Tumelifanyia nini lengo hilo? Atakayehudhuria posa katika baadhi ya nyumba za mji huu atasikia wazee wakiulizana kwa sauti ya chini, kijana huyu ni wa wapi, babu yake mzaa baba alikuwa nani, na alifikaje hapa. Kijana ana kazi, anaswali, msichana anamtaka, mahari haina mgogoro, lakini neno moja tu, "hana asili", linarudisha sahani ya tambuu ilikotoka. Miaka mia moja baada ya utumwa kufutwa kisheria, mtu anakataliwa mke kwa sababu babu wa babu yake alifungwa minyororo kwenye msafara, na anayemkataa anadhani anashika dini. Nikiwauliza masheikh wa leo, wengi wananiambia kufu iliyo muhimu ni dini na tabia. Nawaamini, ila nawaomba waseme hivyo kwenye mimbari wala wasiishie kuniambia mimi barazani.

Nikitoka hapo naingia kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililomkasirisha mwandishi mwenzetu, nalo ni umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mwanamume anatakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Serikali ilikuwa imekata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini za wananchi. Baada ya hukumu ya rufaa miaka iliendelea kupita, na kila suala lilipoulizwa jibu likawa kwamba maoni ya viongozi wa dini na wananchi bado yanakusanywa. Kwa maneno mengine, dini imefanywa kuwa kizuizi katika jambo ambalo dini yenyewe ina la kusema.

Na inasema nini? Aya ya 6 ya Suratun Nisaa inawaagiza walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona wamepata busara, ndipo wawakabidhi mali yao. Mafakihi hawakuridhika na kubalehe peke yake hapo. Walitaka rushdi, yaani akili iliyokomaa inayoweza kutunza mali isipotee. Sasa nauliza, na nauliza kwa adabu: mtoto ambaye sheria ya dini inasema asikabidhiwe minazi kumi ya marehemu baba yake mpaka busara yake ionekane, inakuwaje akabidhiwe mume, mimba na uzazi kwa sababu tu amevunja ungo? Mkunga yeyote atakwambia hatari ya uzazi kwa mwili ambao haujakomaa. Wazee wa zamani waliooza mapema waliishi katika dunia ya umri mfupi, isiyo na shule ya msichana kwenda wala kazi inayomngojea nje ya nyumba ya mume, na simhukumu mtu aliyekufa kwa mizani ya leo. Ninayemuuliza ni aliye hai. Morocco, nchi inayofuata madhehebu ya Maliki na ambayo mfalme wake anaitwa Amiri wa Waumini, ilipandisha umri huo hadi miaka 18 mwaka 2004, ingawa iliwaachia majaji mlango wa kuruhusu chini ya hapo, na Uislamu wa Morocco haujatoweka.

Mwandishi mwenzetu anaweza kusema hizi ni fikra mpya za kizazi kilichoharibika. Basi na turudi kwa watangulizi wenyewe. Sayyidna Umar, khalifa wa pili baada ya Mtume, mwaka wa njaa kubwa Madina, alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi ingawa aya yake iko wazi, kwa kuwa aliona mwenye njaa aliyeiba chakula si yule ambaye aya ilimkusudia. Fungu la zaka la wale wa kutiwa nguvu nyoyo zao, ambalo limetajwa kwa jina ndani ya Qurani, alilizuia pia, akisema Uislamu sasa hauhitaji kumnunua mtu. Imamu Shafi mwenyewe alipohama Iraq akakaa Misri, ambako alifariki mwaka 820, alibadilisha rai zake nyingi kiasi kwamba mpaka leo wanafunzi wanafundishwa kauli yake ya zamani na kauli yake mpya. Wanazuoni Ghazali na baada yake Shatibi wakafundisha kwamba sheria ina makusudio, nayo ni kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali, na kwamba hukumu inayosomwa kwa namna ya kuyabomoa makusudio hayo imesomwa vibaya. Hao ndio nguzo zetu. Kama kuuliza makusudio ya amri ni kutoka katika dini, sijui atabaki nani ndani.

Hata hivyo nisieleweke kwamba kuitafakari upya amri ya kale maana yake ni kuilegeza kila mara. Hapo ndipo ninapoachana pia na vijana wangu wengine, wanaodhani kila cha kale ni mzigo. Ziko amri za kale ambazo zikitafakariwa upya zitatubana kuliko tunavyobanwa sasa, na ya kwanza kwangu ni ya madeni. Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 3,750 iliyopita, aliandika katika sheria yake ya 48 kwamba mkulima mwenye deni, ikiwa mafuriko au ukame umeharibu shamba lake, mwaka huo halipi nafaka wala halipi riba. Torati ikakataza kumtoza riba ndugu maskini, na ikaagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika Laterani mwaka 1179 uliwanyima walariba mazishi ya Kikristo. Qurani ikawatangazia vita wala riba, na katika aya ya 280 ya Suratul Baqara ikasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike. Dini zote hizi, zinazogombana katika mambo mengi, hapa zilisema neno moja.

Sasa njoo ufukweni kwetu asubuhi, wakati wa mnada wa samaki. Wakaanga samaki wanasubiri na ndoo zao, na pembeni amekaa kijana nadhifu mwenye daftari, anayekusanya marejesho ya ile mikopo ambayo wenyewe wameibatiza "kausha damu". Upepo ukiwa mbaya ngalawa hazitoki, samaki hawapo, lakini rejesho lipo palepale. Mama mmoja asipofika, kikundi kizima kinamchangia kwa hasira, na akikosa mara ya pili wanakwenda nyumbani kwake kubeba godoro, sufuria na runinga mbele ya watoto. Nimeona sufuria ikibebwa ikiwa bado na masizi ya moto wa asubuhi hiyo. Huyo mama ni muumini, na mkopeshaji ni muumini, na wanaoshuhudia wote ni waumini. Mfalme wa Babeli aliyeabudu masanamu angempa mama huyu nafuu ya mwaka mzima kwa sababu ya dhoruba. Sisi wenye vitabu vitukufu hatumpi hata wiki. Wala sijasikia barua kwa Mhariri ikilia kwamba maadili yamekwisha kwa ajili yake.

Ninachokiona mimi, Ndugu Mhariri, ni kwamba amri inapomwangukia mwenye nguvu, tunakuwa wepesi sana wa kuitafutia tafsiri, na mwenye duka la mikopo anaitwa mwekezaji. Lakini inapomwangukia msichana, au mtu asiye na "asili", ghafla sote tunakuwa walinzi wa herufi. Hatubishani kama amri zitafakariwe. Zinatafakariwa kila siku, tena na watu wale wale, na wanaokaa barazani kuzitafakari ni wanaume wenye umri kama wangu, ambao hakuna hata mmoja atakayebeba mimba akiwa na miaka 15 wala kubebewa sufuria.

Msomaji mwenzetu aliahidi katika barua yake kwamba yuko tayari kujibu hoja. Kama atanijibu, naomba aanze na hilo la mikopo, na kabla hajaleta jibu lake kwako alisome kwanza kwa wakaanga samaki wa hapa ufukweni, siku ambayo bahari imechafuka na kijana wa daftari ameshafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo